Kujenga Reli Ndogo Nyumbani: Mwongozo Kamili wa Stesheni ya Njia Tatu

Ubao wenye urefu wa sentimita 140 na upana wa sentimita 30 unatosha kubeba stesheni nzima ya mizigo: njia tatu, pointi mbili, kichwa kimoja cha treni na mabehewa manane. Unakaa juu ya kabati la vyombo au kwenye rafu ya ukutani, na ukimaliza unaufunika kwa shuka. Nalitanguliza hili kwa sababu wengi wanaotamani reli ndogo hukata tamaa wakidhani lazima wawe na chumba kizima. Wengine huanza na ubao wa ukubwa wa kitanda, wakazungusha reli za duara, na miezi inapita wakiwa na mbao tupu na nyaya zinazoning'inia.

Basi mwongozo huu una msimamo mmoja. Jenga kidogo kinachokamilika, na weka nguvu zako kwenye reli na umeme kabla hujapanda hata jani moja. Treni inayokwenda polepole bila kukwama inaupa raha hata ubao mtupu. Treni inayosukumwa kwa kidole kila baada ya hatua mbili inaharibu mandhari yoyote, hata yawe mazuri vipi.

Mpango wa njia

Mpango tutakaoufuata ni wa Mwingereza Alan Wright, aliyeuita Inglenook Sidings. Upande mmoja wa ubao kuna njia ya kuvutia, ambamo kichwa cha treni huingia na mabehewa kinapoyahamisha. Njia hiyo inafika kwenye pointi ya kwanza, yaani ile sehemu yenye ndimi zinazosogea ili kuipeleka treni kushoto au kulia. Tawi moja la pointi hiyo ni njia ndefu ya mabehewa matano. Tawi la pili linakwenda kwenye pointi nyingine, inayogawa njia mbili fupi za mabehewa matatu kila moja. Njia ya kuvutia yenyewe inabeba kichwa na mabehewa matatu tu.

Hesabu hiyo ya 5, 3 na 3 ndiyo inayoleta kazi. Unaanza na mabehewa matano kwenye njia ndefu na matatu kwenye moja ya zile fupi. Unaandika kadi nane, moja kwa kila behewa, unazichanganya na kuchukua tano bila kuangalia. Mabehewa hayo matano sharti yapangwe kwenye njia ndefu kwa mfuatano uleule uliotoka. Mifuatano inayowezekana ni 8 × 7 × 6 × 5 × 4, yaani 6,720. Ukirefusha njia fupi zikaingia mabehewa manne, ugumu unapungua na utachoka mapema. Ukifupisha njia ya kuvutia, baadhi ya mafumbo utayahangaikia mpaka usiku. Kwa hiyo pima kwa makini kabla ya kushika msumeno.

Chukua mabehewa uliyo nayo, yaunganishe, kisha pima kutoka katikati ya kiungio kimoja hadi katikati ya kinachofuata. Tuseme behewa la ekseli mbili linatoa sentimita 11, na kichwa kidogo cha kupanga mabehewa kinatoa 15. Njia ndefu itahitaji 55, njia fupi 33 kila moja, na njia ya kuvutia 48, ambazo utazifanya 50 ili usigonge mwisho. Pointi ndogo ina urefu wa karibu 18. Baada ya pointi ya mwisho ya kila njia ongeza kama sentimita 10, kwa maana behewa likisimama karibu mno na pointi litagusana na treni inayopita njia ya jirani. Ukifuata njia ndefu unapata 50 + 18 + 10 + 55 = 133; ukifuata njia fupi unapata 50 + 18 + 18 + 10 + 33 = 129. Hapo ndipo inapotoka sentimita 140, pamoja na nafasi ya vizuizi vya mwisho wa reli. Mabehewa yako yakiwa marefu zaidi, rudia hesabu hii kwa vipimo vyako na ukate ubao kufuatana nayo.

Skeli gani, na reli ya wapi?

Skeli mbili zinafaa kwa anayeanza. Ya kwanza ni HO, ambapo kila kitu kimepunguzwa mara 87 na reli ina upana wa milimita 16.5. Ya pili ni N, iliyopunguzwa mara 160, yenye reli ya milimita 9. Kwa N mpango huuhuu unaingia kwenye ubao wa sentimita 90 kwa 20. Waingereza wana OO, iliyopunguzwa mara 76, lakini inatumia reli ileile ya milimita 16.5, kwa hiyo vifaa vyake vinaweza kupita kwenye njia za HO. Nashauri HO. Vichwa vyake ni vizito kidogo, vinashika reli vizuri na kuvumilia vumbi kuliko vya N, na majengo yake unaweza kuyachonga kwa mikono bila miwani ya sonara.

Kwa wasomaji wa Afrika Mashariki kuna jambo la upana wa reli. Reli ya zamani ya Kenya, Uganda na Tanzania ina upana wa mita moja. Ukigawa milimita 1,000 kwa 87 unapata 11.5, kwa hiyo reli inayostahili ni ya milimita 12, ile inayotumiwa Ulaya kwa treni ndogo za milimani za Uswisi. Hiyo pia inakaribia TAZARA, ambayo ina milimita 1,067. Reli ya kisasa ya SGR, Kenya na Tanzania, ni milimita 1,435, na ukigawa kwa 87 unapata 16.5 barabara, yaani HO ya kawaida bila kubadili chochote.

Mimi nachagua kujenga stesheni ya kubuni kwenye njia ya Tanga, ile iliyoanza kujengwa mwaka 1893 na kufika Moshi mwaka 1911. Inapita Muheza, Korogwe na Mombo, mkonge upande huu na milima ya Usambara upande ule, na stesheni zake ndogo zinaingia vizuri kwenye ubao mwembamba. Natumia reli ya 16.5 ingawa najua ni pana kuliko ilivyotakiwa. Reli na pointi za milimita 12 ni ghali, hazina aina nyingi, na vichwa vyake vilivyotumika havipatikani kwa urahisi. Ukifunika ncha za mataruma kwa udongo na majani, jicho hutulia kwenye mabehewa. Anayetaka usahihi wa kila milimita ajenge SGR, au aweke akiba kwa ajili ya reli ya 12.

Kununua bila kujuta

Vifaa vingi vitatoka nje, ama kwa kuagiza mtandaoni, ama kwa ndugu anayerudi likizo. Vilivyotumika ni sawa kabisa ukivikagua. Muombe anayekununulia aguse magurudumu ya kichwa kwa nyaya mbili kutoka betri ya volti 9, waya mmoja kila upande: kichwa kizima cha mkondo mnyoofu (DC) kitaanza kuzunguka papo hapo, na ukigeuza nyaya kitazunguka kinyume. Kisipozunguka, muuzaji atakwambia ni vumbi tu. Wewe tafuta kingine.

Mitego ni mitatu. Kwanza, treni za HO za Märklin, kampuni ya Kijerumani, za mfumo wa reli tatu hutumia mkondo geu (AC), na magurudumu yake ya kushoto na kulia hayajatengwa kwa umeme. Ukiyaweka kwenye reli yako ya kawaida yatasababisha shoti. Ukinunua kutoka Ujerumani, uliza mapema kama kichwa ni cha reli mbili na mkondo mnyoofu. Pili, kidhibiti mwendo cha Japani kimeundwa kwa volti 100 na cha Marekani kwa 120. Ukikichomeka kwenye soketi ya volti 230 au 240 kitaungua. Tatu, reli za chuma na za shaba ya njano. Hizo ni rahisi kwa bei lakini hewa ya pwani huzila upesi, chuma kwa kutu na shaba kwa utando usiopitisha umeme. Nunua reli za nikeli-silva tu, hata kama ni lazima usubiri mwezi mmoja zaidi.

Orodha kamili ya reli ni fupi: pointi mbili ndogo na vipande vitatu vya reli ndefu inayopindika, kila kimoja karibu sentimita 91, pamoja na paketi ya viungio vya reli. Kichwa kiwe cha dizeli, kidogo, cha ekseli tatu au nne, kinachochukua umeme kwenye magurudumu yote.

Ubao

Tumia plaiwudi ya milimita 9 juu ya fremu ya mbao za inchi mbili kwa moja, zilizosimama kwa upande wake mpana. Ubao wa chembechembe na MDF visikae pwani bila kufunikwa. Vikinywa unyevu vinavimba na reli inapanda na kushuka. Weka mbao za kukingama kila sentimita 40, lakini usiweke hata moja chini ya pointi, maana hapo ndipo utakapopitisha waya wa kusogeza ndimi. Toboa matundu katikati ya kila mbao ya kukingama kabla ya kuifunga, ili nyaya zipite. Gundi nyeupe ya mbao pamoja na skrubu hushika vizuri kuliko misumari.

Paka vanishi pande zote mbili za plaiwudi na kingo zake, pamoja na dawa ya mchwa kwenye fremu. Nalisisitiza hili kwa watu wa pwani na wa bara vilevile: ubao uliopakwa upande mmoja hujikunja, kwa sababu unyevu unaingia upande mwingine peke yake. Ukikauka, weka pimamaji kwa urefu na kwa upana. Mteremko mdogo tu unatosha kufanya behewa lililoachwa njiani lianze kutembea lenyewe, na mabehewa yanayotembea yenyewe yanaua mchezo.

Juu ya plaiwudi bandika karatasi ya EVA ya milimita 3, ile povu ngumu wanayoitumia mafundi wa kandambili. Inapunguza kelele na kuinua reli kidogo juu ya udongo, kama tuta la reli ya kweli. Urefu wa kuuweka ubao uwe kwenye kifua chako ukiwa umesimama, au kwenye macho ukiwa umeketi. Ukiitazama treni kwa ubavu, utaiona kubwa.

Kutandika reli

Hapa usiwe na haraka. Weka pointi zote mbili juu ya ubao kavu, bila gundi, uzungushe mstari wa penseli. Panga reli, panga mabehewa yenyewe juu yake, hakikisha mabehewa matano yanaingia kwenye njia ndefu na matatu kwenye fupi huku behewa la njia ya jirani likipita bila kugusa. Ukiridhika toboa tundu chini ya fimbo ya kusogeza ndimi za kila pointi, halafu anza kubandika kutoka kwenye pointi kwenda nje.

Reli ikate kwa msumeno mdogo wa meno laini au mkasi maalumu wa reli, kisha piga msasa ncha zote, juu, ndani na chini. Ncha yenye makali ikiingizwa kwa nguvu kwenye kiungio hukitanua, na kiungio kilichotanuka kinapitisha umeme leo na kukataa kesho. Kila mahali reli mbili zinapokutana acha mwanya wa karatasi nene. Chumba chenye paa la bati hupata joto kali mchana, reli inatanuka, na isipopata pa kwenda inajikunja kando.

Gundi nyeupe ipakwe nyembamba chini ya mataruma. Chini ya pointi weka matone mawili tu kwenye ncha, mbali kabisa na ndimi. Laza rula ndefu ya chuma kando ya reli, weka vitabu vizito juu, acha mpaka kesho. Kabla gundi haijashika, inama, fumba jicho moja, tazama kwa urefu wa reli. Jicho lako litaona kipinda ambacho rula haikukionyesha.

Jaribio linalofuata halihitaji umeme. Chukua behewa moja jepesi, lisukume kwa kidole polepole kupitia kila pointi, pande zote, mbele na nyuma. Likiruka au kunyanyuka, pitisha kucha kwenye kiungo cha reli. Mara nyingi utakuta ncha moja iko juu. Behewa likishuka njiani mahali tofauti tofauti, kosa liko kwenye magurudumu yake. Pima umbali wa ndani kati ya magurudumu mawili ya ekseli moja: kwa HO uwe karibu milimita 14.4. Magurudumu yaliyosogeleana hupanda juu ya pointi, nayo hurekebishwa kwa kuyavuta huku ukiyazungusha taratibu.

Umeme

Treni ndogo ya kawaida hutumia mkondo mnyoofu usiozidi volti 12. Reli moja inabeba chanya, nyingine hasi. Ukigeuza, treni inarudi. Mfumo wa kidijitali unaokuwezesha kuendesha vichwa vingi kwa wakati mmoja upo, na ni mzuri, lakini kwa kichwa kimoja kwenye ubao wa njia tatu hauongezi kitu.

Njia ya kupata umeme ambayo naipendelea hapa kwetu ni adapta ya volti 12 ya ampea 2, au betri ya sola ya volti 12 kwa wanaokatikiwa umeme mara kwa mara. Kutoka hapo waya chanya upite kwenye fyuzi ya ampea 1, uende kwenye kidhibiti mwendo cha mota ndogo ya DC, kile kibao chenye kitufe cha kuzungusha kinachouzwa kwenye maduka ya vipuri vya elektroniki Kariakoo, Dar es Salaam, na Luthuli Avenue, Nairobi. Kutoka kwenye kidhibiti nyaya mbili ziende kwenye swichi ya miguu sita inayobadili pande zote mbili kwa pamoja. Kwenye swichi hiyo, miguu miwili ya katikati inakwenda kwenye reli. Miguu miwili ya mbele inapokea umeme kutoka kwenye kidhibiti, na miguu miwili ya nyuma inaunganishwa na ya mbele kwa kukingamisha: wa kushoto mbele kwenda wa kulia nyuma, wa kulia mbele kwenda wa kushoto nyuma. Swichi ikielekea mbele treni inakwenda, ikielekea nyuma inarudi. Ukitumia betri ya sola usiache fyuzi kamwe. Betri hiyo ikipata shoti inaweza kuyeyusha nyaya na kuwasha ubao. Kichwa chenye chipu ya kidijitali ndani kisiendeshwe kwa kidhibiti cha namna hii.

Nyaya zinaingia wapi? Kwenye njia ya kuvutia, upande wa ndimi za pointi ya kwanza. Kumbuka hilo. Pointi nyingi zinapeleka umeme kule tu ndimi zilikoelekea, kwa hiyo umeme ukitoka upande wa ndimi unaifuata treni yenyewe. Kisha tazama moyo wa pointi, pale reli mbili za ndani zinapokutana kama herufi V. Ukiwa wa plastiki, unganisha reli kwa viungio vya kawaida na kazi imekwisha, ila kichwa kifupi sana kinaweza kuzimika hapo. Ukiwa wa chuma wenye umeme, kichwa kinapita vizuri zaidi, na kwa mpango huu wa njia zinazoishia ukingoni utafanya kazi bila nyongeza yoyote. Lakini siku utakapotaka kuleta umeme wa ziada kutoka mwisho wa njia hizo, lazima uweke viungio vya plastiki kwenye reli mbili za ndani zinazotoka kwenye V, la sivyo kila ukibadili pointi utapata shoti.

Nyaya zilehemiwe kwenye upande wa nje wa reli, usiopitiwa na magurudumu. Kwangua reli kidogo kwa msasa, paka dawa ya kulehemu, gusa reli kwa pasi yenye moto wa kutosha kwa sekunde mbili tatu, kisha toa. Pasi baridi inayoshikiliwa muda mrefu ndiyo inayoyeyusha mataruma ya plastiki. Viungio navyo visiaminiwe kupitisha umeme kwa miaka. Lehemu waya mfupi wa kuruka kila kiungio, ukiuacha ulegee kidogo kwa ajili ya ule mwanya wa joto.

Sasa washa. Endesha kichwa kwa mwendo wa chini kabisa unaowezekana, kutoka mwisho hadi mwisho, kila njia. Kikisita mahali, weka alama kwa penseli, safisha kwa kitambaa chenye spiriti, jaribu tena. Kisitapo palepale, chukua maltimita upime volti kwenye reli zote mbili. Endelea hivi wiki nzima, ukicheza na kadi zako kwenye ubao mtupu. Kila kasoro utakayoipata sasa inarekebishwa kwa dakika tano. Ukishamwaga kokoto itakugharimu jioni nzima.

Kuhusu kuachanisha mabehewa, kijiti cha mshikaki kilichochongwa bapa kwenye ncha kinatosha kwa viungio vingi vya mabehewa ya HO. Kiingize katikati, kizungushe kidogo, behewa linabaki.

Udongo, mkonge na machungwa

Anza na kokoto za reli. Chekecha mchanga wa mtoni kwa kitambaa cha chandarua, tumia chembe ndogo zilizopita. Mchanga wa baharini una chumvi inayokula reli, uache. Kisha pitisha sumaku yenye nguvu, iliyofungwa kwenye mfuko wa nailoni, ndani ya mchanga wote, mara kadhaa. Utashangaa unga mweusi utakaonasa. Ungebaki, mota ya kichwa chako ingeuvuta ndani na kuharibika. Mwaga mchanga kati ya mataruma, panga kwa brashi laini, nyunyizia maji yenye tone la sabuni ya vyombo, halafu dondosha gundi nyeupe iliyochanganywa na maji sawa kwa sawa. Karibu na ndimi za pointi weka kidogo sana na usidondoshe gundi. Futa juu ya reli kabla haijakauka.

Udongo mwekundu wa Korogwe na Muheza tumia wenyewe: kausha, twanga, chekecha, pitisha sumaku kwa uangalifu zaidi, maana udongo mwekundu una madini ya chuma. Vilima chonga kwa stairofomu ya kufungia runinga, ukavifunika kwa vipande vya gazeti vilivyolowekwa kwenye gundi. Milima ya Usambara isiwe na unene. Ichore kwenye kadibodi ya nyuma kwa rangi ya kijani iliyochanganywa na buluu na kijivu, hafifu kadiri inavyokwenda juu.

Nyasi ndefu zinatokana na kamba ya katani iliyokatwa vipande vya milimita 10, ikapakwa rangi na kusimamishwa kwenye tone la gundi. Vichaka ni dodoki lililokauka, likavunjwavunjwa na kupakwa rangi ya kijani, kisha likanyunyiziwa unga wa mbao.

Mkonge wenyewe ndio utakaoifanya stesheni hii iwe ya Tanga. Inasemwa miche 62 tu ndiyo iliyosalimika katika shehena aliyoileta Richard Hindorf kutoka Florida, mwaka uleule wa 1893 ambao reli ilianza, na kutokana nayo yakatoka mashamba yote yale. Jani la mkonge la mita moja na nusu ni milimita 17 kwenye HO. Kata karatasi ngumu iwe nyota za ncha kali nyembamba, bandika tatu au nne moja juu ya nyingine huku ukizizungusha, kunja ncha kwenda juu, paka kijani cha kijivu. Panda kwa mistari iliyonyooka kabisa, maana shamba la mkonge lina nidhamu hiyo. Mche mmoja hapa na pale uupe mlingoti wa maua kwa chelewa ya fagio, sentimita 6 au 7. Kando ya njia moja fupi, jenga uzio wa nyaya uning'inize nyuzi nyeupe za katani kama zinavyoanikwa kiwandani.

Jengo la stesheni lijenge kwa kadibodi ngumu. Mlango wa mita 2 ni milimita 23; mtu wa wastani ni kama milimita 19 au 20. Mabati utayapata kwenye vyombo vya alumini vya chakula cha kubeba. Mawimbi ya bati la kweli yana milimita 76 kutoka bonde hadi bonde, yaani milimita 0.87 kwenye skeli, na nyuzi za boliti ya M5 zina nafasi ya milimita 0.8. Laza alumini juu ya kipande cha EVA, viringisha boliti ndefu ya M5 juu yake ukikandamiza, utapata bati linalokaribia kabisa uhalisia. Mistari itatoka na mshazari mdogo. Kata kipande kufuata mistari, mshazari unapotea. Paka kijivu, kisha kahawia ya kutu kwa brashi karibu kavu.

Jukwaani weka wauza machungwa wa Muheza. Chungwa kwenye HO ni chini kidogo ya milimita moja, na mbegu ya mchicha ina ukubwa huohuo. Zipake rangi ya chungwa, zimwage kwenye ungo wa karatasi, zishike kwa tone la gundi.

Kuutunza na kuuendeleza

Futa reli kwa spiriti kabla ya kila kikao na funika ubao kila unapoondoka. Kinyesi cha mijusi ndicho adui mkubwa wa reli ndogo kwenye nyumba zetu. Kikikauka juu ya reli usikikwangue kwa kisu, kiloweshe kwanza. Usitumie msasa kwenye reli iliyokamilika, maana mikwaruzo hukusanya uchafu haraka zaidi. Tone moja la mafuta mepesi ya cherehani kwenye ncha za ekseli za kichwa, mara chache kwa mwaka, linatosha. Yakizidi yanashuka kwenye reli na treni inateleza.

Ukitaka kuongeza, usiguse njia tatu. Refusha njia ya kuvutia ipite kwenye tundu la ukuta wa nyuma au chini ya daraja, iingie ubao wa pili usio na mandhari, ambapo treni kutoka Tanga mjini zitasubiri zamu. Mbao hizo mbili zifungwe kwa boliti mbili za M8. Kabla ya kukata reli kwenye kiungo, piga skrubu nne za shaba ya njano kwenye kingo zinazokutana, mbili kila upande, chini ya reli kabisa, ulehemu reli juu yake, ndipo ukate kwa msumeno mwembamba. Hapo mbao zinaweza kutenganishwa na kurudishwa, na reli zitakutana palepale.